Mnada wa Mnunuzi Mmoja

Rehema mwanangu,

Nyumba imetulia kidogo. Wewe na Amani mmekwenda kumuaga mama mkwe wako, mama yako yuko chumbani anabishana na sanduku lenu la mwisho, na mimi nimekimbilia hapa mezani jikoni kabla hajaniita nilikalie ili lifungike. Kesho jioni mnapanda ndege kwenda Uskoti, kwenye kazi mpya ya Amani hospitalini Glasgow. Naandika sasa, mchana kweupe, kwa sababu najijua. Nikishika kalamu usiku nitaandika mambo ya kuliza watu, na asubuhi nitayaonea haya na kuyachana.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Tangu ukiwa mdogo nakusemesha Kiswahili na wewe unanijibu kwa Kiingereza, na tumeelewana hivyo miaka yote. Barua hii huwezi kuijibu papo hapo, kwa hiyo angalau leo nimeshinda mimi. Ukikwama kwenye neno muulize mumeo. Kiswahili chake cha Bukavu kina mambo yake, lakini kinafika.

Sitakuambia uvae soksi nzito, wala mfungue akaunti ya benki wiki ya kwanza, wala usiache simu ikazimika. Hayo ni ya mama yako, na ameyasema hadi Amani ameanza kuyajibu kabla hajaulizwa. Mimi ninalo jambo moja tu, nalo ni lile swali lako la juzi.

Tulikuwa tunakula. Ukaweka uma chini ukasema, "Baba, Shukrani nije ama nisije? Nataka ku-book tiketi kabla hatujaenda." Uliposema kwa Kiswahili nikajua jambo limekukaa moyoni. Mama yako akasema, "Muulize baba yako." Mimi nikasema tutaongea, nikaomba nipewe chumvi ambayo ilikuwa mbele yangu.

Nikuambie ukweli, jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lilikuwa "njoo." Mtoto wangu wa pekee anakwenda kuishi ng'ambo ya bahari, ananiuliza kama arudi nyumbani Oktoba kwa Shukrani, sikukuu yetu ya mavuno, tukae mezani kama kawaida yetu, ningejibu nini kingine? Kilichonizuia ni Amani. Hakununa, kijana yule amelelewa. Aliacha tu kula. Alikuwa na kipande cha kuku mkononi akakirudisha kwenye sahani, akanawa, akasema ameshiba.

Baadaye tukiwa gereji tunafunga maboksi nikamchokoza. "Na wewe mwanangu, Oktoba mnaonaje?"

"Yeye akifurahi, miye niko sawa, Papa," akasema. Kisha akaanza kulifunga upya boksi ambalo alikuwa ameshalifunga.

Huo "niko sawa" naujua vizuri. Niliusikia kwa mara ya kwanza hapa hapa Toronto, kabla hujazaliwa, kutoka kwa mama yako, na aliyeusababisha ni mimi. Nikikusimulia jinsi ilivyokuwa utaelewa jibu langu limetoka wapi.

Hadithi ya boga unaijua. Unaijua hadi kwenye basi, kwa sababu hapo ndipo mama yako huishia kila mwaka, watu wakacheka, tukapakua chakula. Ilikuwa majira yetu ya kwanza ya kupukutika majani. Tulikuwa tunakaa kwenye chumba kimoja kule Weston, ghorofa ya kumi na moja, lifti inafanya kazi ikipenda. Mwishoni mwa Septemba maduka yakaanza kupanga maboga nje, marundo kwa marundo, makubwa kuliko yote tuliyowahi kuona, rangi ya chungwa, na bei ya kutupwa. Mama yako alisimama njiani akashika kifua. Tangu tufike nchi hii alikuwa hajaona chakula anachokijua kikiwa kimekaa nje barabarani kama nyumbani. Alinunua kubwa kuliko yote. Mvua ikatushika tukisubiri basi, akaliingiza ndani ya koti, na tulipopanda mzee mmoja akainuka haraka kumpisha kiti. Akamuuliza mimba ina miezi mingapi. Mama yako, kwa Kiingereza chake cha wakati ule, akamjibu, "Wiki mbili."

Hapo ndipo watu hucheka. Yanayofuata hatujawahi kukusimulia, si kwa sababu ni siri, ila mimi sionekani vizuri ndani yake.

Boga lile mama yako hakulinunua kwa ajili ya njaa. Kwao Muheza, kanisani, walikuwa na Sikukuu ya Mavuno. Watu wanaleta walichovuna mbele ya madhabahu, mikungu ya ndizi, nazi, kuku waliofungwa miguu, mayai kwenye kikapu, na ibada ikiisha vinatolewa nje vinanadiwa. Mzee wa kanisa anasimama juu ya kiti. Yai moja linaweza kununuliwa kwa bei ya kuku, kisha aliyelinunua analirudisha linanadiwa tena, na watu wanacheka mpaka jua linageuka. Mama yako aliposikia kazini kwamba wenyeji wa hapa nao wana sikukuu yao ya mavuno mwezi Oktoba, Jumatatu, watu wanakaa nyumbani wanakula na kushukuru, alirudi amechangamka kama mtu aliyepata barua. Akaniambia, "Baba wewe, na sisi tufanye. Nitapika boga kwa nazi."

Mimi nilikuwa na mpango. Mpango wenyewe ulikuwa kukaa miaka miwili, kuweka akiba, kurudi Iringa kujenga. Kwa mtu mwenye mpango wa namna hiyo kila kitu kinasubiri. Hatukununua kitanda kizuri kwa sababu tunaondoka. Hatukujuana na majirani kwa sababu tunaondoka. Masanduku yetu mawili tuliyotoka nayo nyumbani yalikaa chini ya kitanda, kamba zake hazijaguswa, na ndani yake mlikuwa na sahani za harusi yetu, khanga, mashuka, na picha. Mama yako alipotaka kuyafungua nilimwambia tutapata kazi ya kufunga tena. Tulikula kwenye sahani mbili za plastiki tulizookota kwenye chumba cha kufulia nguo, zikiwa na picha ya dubu.

Kwa hiyo aliponiambia habari ya sikukuu nilimjibu kama mtu mwenye akili. Nilisema, "Hiyo ni sikukuu yao. Ya kwetu tutaila tukirudi." Na pale kiwandani, kiwanda cha mikate, walikuwa wanatafuta watu wa kufanya ovataimu siku ile. Nilijiandikisha wa kwanza. Nilipomwambia, alikuwa ameshika kisu anamenya kitunguu. Hakuinua kichwa. Akasema, "Wewe ukiona vema, mimi niko sawa."

Nikaridhika kabisa. Nilidhani ameelewa.

Siku yenyewe nikaenda kazini na giza, nikatoka saa tisa alasiri. Njia nzima kutoka kituo cha basi majani yalikuwa yanashuka, mekundu na ya njano, na mimi niliyekulia kwenye kufagia uwanja kila alfajiri nilikuwa nayatazama kwa hasira, naona uchafu mtupu. Kwenye lifti nikakutana na Mama Lucia, yule bibi Mreno wa chumba cha jirani, ambaye mpaka siku ile nilikuwa nampa salamu kwa kichwa tu. Akaniuliza kama mke wangu yuko salama. Nikamwambia yuko salama, kwa nini? Akasema mchana mke wangu alimbishia hodi amelikumbatia boga, kumwomba sufuria kubwa, na yeye alipoliona akamwambia kwa huruma kwamba hayo ni ya kuchonga uso na kuweka mlangoni, si ya kula. Yanayoliwa ni madogo, yako ndani ya duka. Mke wangu, akasema, alishukuru akachukua sufuria vilevile.

Nilifungua mlango nikiwa nimejiandaa kuombwa radhi kwa kuharibu pesa. Hebu fikiria.

Meza ilikuwa imetandikwa shuka yetu ya kitandani. Nusu ya boga ilikuwa imepikwa kwa tui la kopo, na hata kutoka mlangoni niliona limegeuka maji. Nusu nyingine ilikuwa mbichi, imesimama katikati ya meza. Mama yako alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Macho yalikuwa yamevimba kidogo lakini alikuwa ameshamaliza mambo ya kulia. Aliponiona akapanda juu ya kiti, akashika kijiko cha kupakulia.

"Ndugu waumini," akasema, "tunalo boga. Limeletwa na mama mmoja wa ghorofa ya kumi na moja. Nani anaanza?"

"Esta, nimechoka."

"Mwenzetu kule mlangoni anasema amechoka. Hapa hatununui kwa uchovu. Nani anaanza?"

Nikaona nimpatie lake ili nikakae. "Naosha vyombo."

"Mzee anatoa vyombo. Jamani, sahani mbili za dubu kwa boga zima? Muheza tutachekwa."

"Naosha wiki nzima."

"Wiki nzima, mara ya kwanza." Akatazama upande wa jiko, akatazama dirishani, akatazama huku na huku kwa makini kabisa kama mtu anayesubiri mkono uinuke. "Hakuna mwingine? Haya, wewe ongeza."

"Nijiongezee mwenyewe?"

"Kwani kuna mtu mwingine humu?"

Alilisema kwa sauti ile ile ya mnada, lakini uso haukuwa wa mchezo tena. Nami nikatazama chumba. Nilikitazama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekaa humo peke yake tangu asubuhi na boga lisilolika, siku ambayo nyuma ya kila mlango wa ghorofa ile watu walikuwa wanacheka na vijiko vinagonga sahani. Kama angetaka kulia kwa mtu, mtu alikuwa mimi. Kama angetaka kugombana, mimi. Sikuwa na pa kumsukumia. Kwetu ningesema nenda kaongee na shangazi. Hapa shangazi alikuwa mimi, mama mkwe alikuwa mimi, na jirani nilikuwa nimekataa tuwe naye.

Nikasema, "Sichukui tena ovataimu siku ya sikukuu."

"Mara ya kwanza."

"Na Jumapili."

"Mara ya kwanza," akarudia, na kijiko bado kiko juu.

Nikaona kamba ya sanduku imechungulia chini ya kitanda. "Nafungua masanduku," nikasema.

Hakusema mara ya pili. Kijiko kilishuka juu ya meza mpaka shuka ikaruka. "Limeuzwa," akasema, akashuka kwenye kiti, na hapo ndipo tulipolia wote wawili, mimi na koti langu la kiwandani bado mwilini.

Tulifungua masanduku saa ile ile. Sahani mbili za harusi zilikuwa zimevunjika, bila shaka tangu uwanja wa ndege, na tulikuwa tumezilalia miezi yote hiyo bila kujua. Nzima tukaziweka mezani. Khanga ikachukua nafasi ya shuka. Kisha mama yako akaenda kumgongea Mama Lucia, naye jirani akaja na mkate na kachupa ka divai aliyotengeneza mwenyewe, na tukala boga. Lilikuwa baya, Rehema. Lilikuwa nyuzi na maji, na nazi haikusaidia. Tulilimaliza.

Hivyo ndivyo ilivyoanza Shukrani yetu. Hakuna aliyetufundisha. Mwaka uliofuata tulipata maboga madogo yanayolika, ndipo tukagundua kwamba sisi wenyewe hatujakubaliana boga linapikwaje. Kwetu Iringa linachemshwa na chumvi, unalila ukijua unakula boga. Watu wa Tanga hawana imani na chakula ambacho hakijaogeshwa kwenye nazi. Tukabishana hadi Mama Lucia akagonga ukuta. Ndiyo maana mpaka leo mezani kwetu kuna sufuria mbili, na wewe umekua ukiamini dunia nzima inapika boga kwenye sufuria mbili.

Makosa mengine yalikuja yenyewe. Halloween ya kwanza, ile siku ya watoto kuomba pipi, walipoanza kugonga milango wamevaa mafuvu, mama yako alidhani ni wana wa jirani wanaigiza jambo la kanisani, akawakaangia maandazi akawapa ya moto mkononi. Mmoja alilidondosha akalia. Baba yake akaliokota, akalila, akaomba jingine. Mimi nilifagia majani ya watu wasionijua, nikayaweka kwenye mifuko ya karatasi kama mchele, kisha kesho yake yakashuka mengine nikanuna. Tulijifunza polepole. Na kwa sababu hatukuwa na mtu wa kutusahihisha, tuliposhindwa tulicheka, na tulipopatia tulijisifu kupita kiasi.

Kisha ukazaliwa wewe, na mnada ukapata mnunuzi wa pili. Ulikuwa na miaka sita uliponunua chupa ya jamu kwa ahadi ya kunipiga busu kila asubuhi mpaka Krismasi, na ulilipa kwa siku mbili tatu hivi. Ulipofika miaka kumi na tatu ukaanza kuona aibu, ukatuomba tufunge pazia. Ulipofika kumi na saba ulipanda wewe mwenyewe juu ya kiti ukamuuzia mama yako kikapu cha matofaa kwa ruhusa ya kurudi nyumbani saa nne. Alikuwa mjinga siku ile, hata yeye anakubali.

Sasa lipo kosa la pili. Hili unalijua, lakini hujui kama mimi nalijua.

Mtu aliyekataa kitu akikikubali huwa mbaya kuliko waliokipenda tangu mwanzo. Shukrani ambayo nilikuwa siitaki niliigeuza amri. Ulipokuwa mwaka wa pili chuo kule Ottawa ulinipigia simu ukasema wewe na wenzako mliopanga nyumba pamoja mnataka kupika wenyewe, mara yenu ya kwanza. Nikakuambia Shukrani ni ya nyumbani. Nilisema kwa upole, lakini ule upole wangu mnaujua. Ukapanda basi. Ukakaa mezani, ukala sufuria zote mbili, na mama yako alipoanza mnada hukutaja hata bei moja. Ulisema, "I'm just tired, Baba." Nikanadi na kununua mwenyewe mpaka nikaishiwa.

Kesho yake nikikurudisha kituo cha basi simu yako ilikuwa inalia tiritiri, picha zinaingia. Ukaanza kucheka peke yako. Nikauliza nini. Ukasema wenzako wamepika bata mzinga nje ameiva vizuri, walipomkata katikati bado ana barafu, wakamrudisha kwenye oveni mara tatu, wakaishia kula viazi vitupu saa sita usiku, na hawajawahi kucheka hivyo maishani mwao. Ulikuwa unacheka na machozi yanakutoka, na nilipokutazama hayakuwa yote ya kicheko.

Nilirudi nyumbani. Jioni nikamwambia mama yako. Akasema, "Umemnyima bata mbichi." Nikamwambia tulimpa aliyeiva. Akaendelea kupanga vyombo. Ilinichukua muda kukubali, lakini alikuwa amesema kweli. Mama yako na mimi tulikula boga baya mpaka likaisha, na kwa boga lile tukawa watu wa nyumba moja. Wewe nilikutoa kwenye lako nikakuweka mbele ya letu, zuri, lililokwisha tengenezwa na watu wengine.

Sikuomba radhi wakati ule. Nilikuongezea pesa ya basi, kama wanaume wa kwetu wafanyavyo. Radhi yenyewe ndiyo hii.

Basi rudi na mimi kwenye Oktoba hii. Ukija utafurahi. Nitakupokea uwanja wa ndege, mama yako atakuwa amepika tangu Ijumaa, utalala kwenye chumba chako. Tutanadi, na mimi nitanunua kwa bei yoyote utakayotaja. Na kule Glasgow Amani atatoka zamu hospitalini, atapanda ngazi, atafungua mlango wa nyumba ambayo ninyi hamjaizoea, na atakuwa sawa. Atakuambia kwa simu yuko sawa. Atakula alichokuta. Hatakulaumu hata siku moja, na hiyo ndiyo itakayokuwa shida, kwa sababu mwaka utakaofuata utakuja tena kwa moyo mweupe, na wa tatu, na nyumba yenu itakuwa mahali mnaposubiria Oktoba ifike. Naijua nyumba ya namna hiyo. Ilikuwa na masanduku chini ya kitanda.

Sisemi Amani ni mtakatifu. Atataka sombe, kisamvu cha kwao, mezani, na wewe utataka bata mzinga, na kwa nilivyosikia Waskoti hawana habari na Shukrani kabisa, siku ile watu watakuwa wanakwenda kazini kwenye mvua. Hamtapata boga mnalolitaka, au mtalipata liko kama lile letu. Mtagombana nani alisahau kununua chumvi. Mmoja wenu atasema neno ambalo hapa angelimeza kwa sababu baba yupo, mama yupo. Na hakutakuwa na mtu wa kumkimbilia. Mtatazamana. Siwezi kukuambia mtaambiana nini, maana sikujua hata mimi mpaka kijiko kilipokuwa juu. Ninachojua ni kwamba siku ile kama ndugu zangu wangekuwepo chumbani, mmoja wao angelinunua boga lile kwa utani, tukacheka, tukala, na mimi ningeenda kulala masanduku yakiwa yamefungwa.

Kwa hiyo jibu ni usije. Usikate tiketi. Mwambie Amani leo mkirudi, na usimwambie kwamba baba amekataa, mimi sitaki kuwa ndani ya maneno hayo. Mwambie unataka kukaa naye Oktoba yenu ya kwanza. Kisha mtazame usoni.

Usituhurumie. Tutakuwa wawili, na sisi kuwa wawili tulikuwa tumeshazoea kabla hujaja kutuvamia. Mama yako amesema atapika kidogo safari hii. Simwamini, lakini nitakula. Nimefikia umri wa kufurahia majani yanaposhuka, na hata nayaacha chini siku mbili tatu kabla ya kufagia, jambo ambalo marehemu bibi yako angeliita ugonjwa. Nimekuwa na maisha mazuri katika mji huu, Rehema, mazuri kuliko ule mpango wangu. Ningependa na wewe uyapate ya kwako huko, si kwa kuazima ya kwangu kila mwaka.

Mwaka mwingine, mtakapotaka, njooni. Lakini mje mkiwa wageni wanaotoka kwao. Mje na namna yenu ya kupika, mtukosoe, muanze kusema "sisi kwetu hatufanyi hivyo," na mkikaa siku tano muanze kukumbuka kwenu. Siku nitakayoona umekumbuka kwenu ukiwa mezani kwangu, nitajua nimekulea.

Mama yako ananiita, sanduku limemshinda. Hajaiona barua hii, ila amepita hapa mara mbili, akasoma uso wangu badala yake, na akaniwekea chai. Kwake hiyo ni saini.

Nendeni salama, mkapendane. Jibu langu sibadilishi, hata ukinipigia Oktoba unalia, hata nikikupigia mimi.

Ni mimi baba yako, ninayetamani uje.